Tranka la kijana: bweni linalea au linatunyang'anya watoto?

Kila mwanzo wa Januari, na tena mapema Julai, stendi kuu ya mabasi ya Moshi hugeuka kuwa ghala la matranka. Yako ya bluu na ya kijani, mengine yamepakwa rangi mara ya pili ili kufuta jina la kaka aliyelitumia kwanza, na kando ya kila moja utakuta godoro lililokunjwa na kukazwa kwa kamba, ndoo, jembe, fyekeo na rimu ya karatasi, kama fomu ya kujiunga ilivyoagiza. Januari ya mwaka huu nilikuwa mmoja wa wazazi waliosimama pale. Mwanangu, aliyekuwa anaanza kidato cha tatu, aliliingiza tranka lake mwenyewe kwenye buti la basi la Tanga, akamalizana na kondakta, kisha akarudi niliposimama. Tukapeana mikono. Nikamwambia, "Soma." Akajibu, "Sawa, baba." Nikatafuta neno la pili, nikamuuliza kama madaftari yanatosha, naye akasema yanatosha. Basi lilipoondoka ndipo nilipotambua kwamba katika wiki zote za likizo, mazungumzo marefu kuliko yote tuliyokuwa nayo yalihusu chaja ya simu yangu.

Ninayarudia haya kwa sababu binti yetu alimaliza darasa la saba Septemba iliyopita, Januari ijayo ataanza kidato cha kwanza, na ukoo umegawanyika kuhusu mahali atakapolala. Kaka yangu mkubwa, aliyewasomesha wanawe wanne wote bweni na ambaye neno lake lina uzito kwenye vikao vyetu vya Kibosho, anasema mtoto wa umri huo akibaki mjini ataharibika. Mke wangu anasema mtoto wa umri huo akiondoka nyumbani atarudi akiwa mgeni. Kila mmoja ana mifano yake, na tatizo ni kwamba mifano yote ni ya kweli. Mabishano ya namna hii nimeyasikia pia kwa majirani, kwenye vikao vya harusi na nje ya kanisa baada ya ibada ya pili, na karibu kila mara huendeshwa kana kwamba yanahusu ada na ufaulu. Mimi nadhani chini yake kuna swali jingine: nani atazungumza na mtoto huyu kati ya miaka 13 na 18, na atapata wapi muda wa kuzungumza naye.

Nianze na upande wa kaka, kwa kuwa ndio ulionilea. Mlima huu wa Kilimanjaro ulizoeana na shule mapema kuliko sehemu nyingi za nchi. Wamisionari Wakatoliki wa Kilema na Walutheri waliotoka Leipzig walifika mwanzoni mwa miaka ya 1890 na hawakukawia kufungua madarasa, na baadaye fedha ya kahawa, hasa baada ya chama cha ushirika cha KNCU kuundwa mwaka 1933, iliwapa wazazi uwezo wa kulipia. Baada ya uhuru, serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapanga kwa makusudi vijana waliochaguliwa kuingia sekondari katika mikoa ya mbali, ili Mchagga alale chumba kimoja na Mmakonde na Mhaya, na wote watoke humo wakiwa Watanzania. Kaka alipangiwa Tabora. Alisafiri siku tatu akiwa na miaka 14, akalia usiku wa kwanza (hili alilisimulia mara moja tu, kwenye msiba wa baba, na hajalirudia), na mpaka leo rafiki yake wa karibu kuliko ndugu ni Msukuma aliyelala kitanda cha juu kwenye deka yao. Anaposema kwamba bweni linalea, hasemi kinadharia.

Mazingira ya leo nayo yanampa hoja. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uanze mwaka 2004, shule za kata zimejengwa kila mahali, na ada ya shule za serikali ilipofutwa hadi kidato cha nne kuanzia 2016, mtoto wa mzazi asiye na kitu aliingia darasani bila kudaiwa ada. Ni jambo kubwa, wala sitaki kulibeza. Hata hivyo, nyingi ya shule hizo ni za kutwa, na kutwa maana yake ni njia. Msichana anatoka nyumbani bado giza, anapita kwenye migomba na vichaka, anarudi jioni akiwa amechoka, na pembeni kuna bodaboda anayejitolea kumpa lifti ambayo mara ya kwanza haina bei. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Akifika nyumbani salama, bado kuna kuchota maji, kuosha vyombo na kumlaza mdogo wake, ilhali kaka yake wa umri uleule anakaa na kitabu. Mzazi anayesema kwamba ukuta wa bweni unampa binti yake angalau saa tatu za kusoma na njia fupi ya kwenda darasani hastahili kuambiwa kwamba amemtupa mtoto.

Ipo hoja nyingine ya upande huo ambayo kaka haitumii, nami naona ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Wapinzani wa bweni hupenda kusema kwamba zamani mtoto alilelewa na wazazi wake, na kwamba kumkabidhi kijana kwa watu wengine ni desturi tuliyoletewa na Wazungu. Si kweli, angalau si katika mkoa huu wala kwa jirani zetu wa Arusha. Wachagga wa zamani walikuwa na mregho, fimbo iliyochongwa alama na mistari, ambayo mzee aliishika mbele ya vijana waliokuwa wakifundwa na kuifuata alama kwa alama, kila mkato ukiwa na funzo lake: mwili, ndoa, uzazi, heshima, mambo ambayo baba hakuthubutu kumwambia mwanawe usoni. Wamaasai, na kwa namna yao Waarusha wa miteremko ya Meru, huliweka rika jipya la vijana chini ya ulezi wa wazee ambao si wa rika linalolitangulia moja kwa moja. Wazee hao, wanaoitwa olpiron, ndio wanaowawashia vijana moto wa rika lao na ndio wenye mamlaka ya kuwakemea na kuwabariki. Baba mzazi ana ng'ombe na ana fimbo, lakini kumfanya kijana wake kuwa mtu mzima ni kazi ya wengine.

Sababu yake haiko mbali. Kati ya baba na mwana kuna urithi. Kwetu mlimani kihamba, yaani shamba la ukoo linalorithiwa, kina ukubwa wake na hakiongezeki. Mtoto wa kwanza na wa mwisho wana mafungu yao kwa desturi, wa katikati wanajitafutia, na kila neno ambalo baba anamwambia kijana wake wa miaka 16 linasikika likiwa na ardhi ndani yake. Mama na binti wana yao. Wazee walilifahamu hilo, wakaliweka funzo zito mikononi mwa mtu asiye na kesi na kijana. Kwa hiyo, anayesema kwamba kumpeleka mtoto kwa walezi wengine katika umri wa balehe ni kuacha mila, ameisoma mila kwa haraka.

Hapo ndipo ninapoachana na kaka, kwa sababu bweni limerithi nusu tu ya mpango ule. Mzee wa mregho aliishi kwenye mteremko uleule. Kijana alijua kwamba baada ya mafunzo atamkuta mzee huyo njiani, sokoni, kwenye mfereji wa maji zamu ya ukoo inapofika, na mzee naye alijua kwamba kijana akiharibika ataulizwa na watu wanaomfahamu kwa jina. Wazee wa olpiron hubaki walezi wa rika lao kwa miaka mingi. Katika bweni nililolala mimi, patroni mmoja alituangalia wavulana 120, akatufahamu kwa namba za vitanda, na mwaka uliofuata akahamishwa. Simlaumu, mtu mmoja hawezi kuwa baba wa watoto 120. Lakini pengo alilolishindwa halikubaki wazi. Mambo ya mwili tulifundishwa baada ya taa kuzimwa na kijana wa kidato cha tatu ambaye naye hakuyajua, na mambo ya heshima tulifundishwa na kaka viranja waliotutuma maji ya kuoga. Tulitoka tukiwa wakakamavu, hilo nakubali. Sina hakika kama tulitoka tukiwa tumelelewa.

Kuhusu mwili wenyewe, elimu ya sasa haimwegemei mtu mmoja katika mabishano yetu. Shirika la Afya Duniani linauhesabu umri wa balehe kuwa miaka 10 hadi 19, na inafahamika kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo ya tendo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini, wakati sehemu zinazosukuma hisia na kutafuta raha hushika kasi mapema zaidi. Kaka akisikia hayo anasema, "Ndiyo maana anahitaji uzio." Mke wangu anasema, "Ndiyo maana anahitaji mtu wa karibu." Wote wawili wamesikia sawasawa. Kinachonikera mimi ni usingizi. Katika umri huu mwili wenyewe huchelewesha usingizi wa usiku, na kijana anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala, ilhali ratiba ya mwanangu inamtoa prepo saa nne usiku na kumwamsha kengele ya saa kumi na nusu alfajiri. Halafu tunaitwa kikaoni kuambiwa kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu na wana hasira za haraka.

Hatari nyingine za bweni nizitaje bila kuzikalia. Hakuna mtu wa rika langu katika mkoa huu asiyekumbuka Shauritanga, Rombo, ambako moto wa bwenini mwaka 1994 uliua wasichana zaidi ya 40. Na serikali yenyewe imeanza kuuliza ni umri gani ni mdogo mno: mwaka 2023 ilisitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Uamuzi huo naona ni sahihi, ingawa ulimwacha kijana wa sekondari palepale alipokuwa. Hata programu ya taifa ya malezi na makuzi iliyozinduliwa mwaka 2021 inamhusu mtoto kuanzia kuzaliwa hadi miaka 8. Ni kazi njema, lakini katika majumba yetu tumeielewa vibaya, kana kwamba mtoto akishatimiza miaka tisa amekwisha kulelewa na kinachobaki ni kumlipia.

Sasa nirudi kwenye mazungumzo, kwa maana huko ndiko bweni linakonigharimu. Simu haziruhusiwi kwa mwanafunzi, na katika hilo nakubaliana na shule. Jumapili alasiri wavulana hupanga foleni kwenye simu ya patroni, kila mmoja dakika tatu. Dakika tatu za mwanangu nazifahamu kama ninavyoijua Baba Yetu: "Shikamoo baba. Niko salama. Sabuni imekwisha, na hela ya matumizi naomba uongeze. Matokeo ya majaribio bado. Msalimie mama." Nyuma yake nasikia mwenzake akimwambia afanye haraka. Kijana anaweza kupita kwenye jambo zito kuliko yote ya ujana wake kati ya Jumapili moja na nyingine, nami nikalipata kama taarifa ya sabuni.

Juni alipokuja likizo tulipanda Kibosho kwa mama yangu. Mama anazungumza Kichagga; mwanangu anakielewa nusu na kukijibu kwa Kiswahili, na Kiswahili chake chenyewe kina maneno ya bwenini ambayo mama huyarudia kwa mshangao. Siku hiyo palikuwa na mtori wa kupika. Mama alimpa kisu na beseni, akamwonyesha namna ya kupaka mafuta mikononi kabla utomvu haujashika, wakaketi kwenye vigoda viwili wakimenya ndizi, macho yao yote kwenye beseni. Mimi nilikuwa barazani nikijifanya nasoma gazeti. Mama alimuuliza wanalala wangapi chumbani. Akasema kumi na sita. Akamuuliza kama wote ni wazima. Kijana akanyamaza ndizi mbili nzima, kisha akasema kuna mwenzao mmoja aliyefiwa na baba yake mwezi Aprili, kwamba alikuwa akilia usiku, na kwamba yeye, mwanangu, alikuwa akihamia kitandani kwake mpaka alale. Mama akauliza, "Nani alimwambia?" Akasema jina liliitwa paredini, akaambiwa aende ofisini. Mama hakusema pole wala hakutoa wosia. Alimenya nyingine, akasema, "Leta sufuria."

Nilikuwa nimekaa na kijana huyu mezani wiki nzima nikimuuliza, "Vipi masomo?" Aprili hiyo alipiga simu Jumapili zote nne.

Siwezi kuitumia ndizi moja kuthibitisha jambo kubwa, lakini nimelifikiria sana jambo hilo tangu Juni. Kilichomfungua kijana mdomo ni kwamba mikono ilikuwa na kazi, macho hayakuwa yanatazamana, na aliyeuliza hakuwa na alama za mtihani kichwani. Zamani kihamba kilitoa nafasi hizo bila mtu kuzipanga. Kijana alikwenda na baba yake kusafisha mfereji, alikwenda na mama yake kukata majani ya ng'ombe, na njia ya kurudi na mzigo ilikuwa ndefu, na mtu hawezi kutembea saa nzima bila kusema neno. Hatukuwa na wazazi wasikivu kuliko sisi; wengi walikuwa wakali na mdomo wao mzito. Walikuwa na kazi ya pamoja, na maneno yalidondoka katikati ya kazi. Wengi wetu tumehamia mjini, ng'ombe wameuzwa, kahawa imeng'olewa, na kijana akija likizo tunamwambia apumzike. Kwa hiyo anapumzika, chumbani, na simu.

Hapa upande wa mke wangu nao unapaswa kuulizwa, kwa sababu kumweka mtoto nyumbani hakumaanishi kwamba nyumbani kuna mtu. Sisi tuna duka karibu na soko la Mbuyuni. Tunafungua saa mbili asubuhi na mara nyingi tunafunga saa mbili au saa tatu usiku. Anayefahamu kwamba binti yetu alikataa kula Jumanne ni dada wa kazi, ambaye ana miaka 19, yaani bado yuko katika umri huohuo wa balehe tunaoujadili. Majirani zetu wengi ni hivyohivyo. Kijana wa kutwa anarudi kwenye nyumba yenye televisheni na intaneti na bila mtu mzima, na laini anayoitumia imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa cha mzazi, kwa kuwa yeye bado hajatimiza miaka 18. Kwa hesabu za kampuni ya simu, kila anachokifanya usiku wa manane anakifanya mzazi wake. Mke wangu hapendi nikilisema hili mbele ya kaka. Lakini ukweli ni kwamba tunaweza kumnyima mtoto bweni kisha tukampa upweke uleule, akiwa kwenye godoro zuri zaidi.

Na kuna fimbo. Wazazi wengi wanaotetea malezi ya nyumbani wanatetea pia haki ya kuchapa, wakiamini kwamba ukaribu na ukali ni kitu kimoja. Mimi nilichapwa, nami nilimchapa mwanangu hadi alipofika darasa la sita, na sasa naona nilichokipata: mtoto aliyejifunza mapema kwamba taarifa mbaya haipelekwi kwa baba. Wanaosema kwamba tulichapwa na hatukufa wanasema kweli. Ila hawasemi ni mambo mangapi waliwaficha wazazi wao mpaka wazazi hao wakazikwa.

Katika mabishano haya yote kuna mtu mmoja ambaye kikao cha Kibosho hakikumwita. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, na inasema kwamba mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni asikilizwe katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Sheria hiyohiyo inampa wajibu: kuwaheshimu wazazi na wakubwa na kuitumikia familia iwe na umoja. Watu wa pande mbili huichana sheria hii, kila mmoja akachukua kipande chake. Wapenda haki hawafiki kwenye wajibu, na wazee wa ukoo hawajasikia kwamba kuna haki. Nilimuuliza mwanangu alipofika likizo hii ya Desemba kama angependa kuhamia shule ya kutwa hapa mjini. Nilidhani atashukuru. Akasema hapana. Akasema bwenini ana watu, nyumbani ana vyumba. Kisha akaongeza, akiangalia pembeni, kwamba kama ningemuuliza kidato cha kwanza angesema anataka kubaki nyumbani, lakini wakati ule tranka lilikuwa limeshanunuliwa.

Sikuwa na la kujibu, na hilo lenyewe ni sehemu ya tatizo. Wachagga wana isale, jani la mmea unaopandwa mipakani mwa vihamba, ambalo mtu aliyemkosea mwenzake hulipeleka kuomba radhi, na anayelipokea hutarajiwa kusamehe. Nimewahi kuliona likipelekwa kati ya ndugu waliogombana mpaka, na kati ya mume na wakwe zake. Sijawahi kuliona likitoka kwa mzee kwenda kwa kijana. Tunawafundisha vijana kusema shikamoo, nasi tunaitika marahaba, na katika maamkizi hayo heshima ina njia ya kupanda, lakini hatukutengeneza njia ya radhi kushuka. Wanaolalamika kwamba vijana hawawaelewi wazee wajiulize ni lini mara ya mwisho kijana alimsikia mzee akikiri kosa. Nilimwambia mwanangu kwamba ilipasa aulizwe. Lilikuwa jambo dogo, nililisema jikoni nikiwa naosha kikombe ili nisimtazame, kwa mbinu niliyoiiba kwa mama.

Kwa mizani yangu, basi, bweni linafaa pale ambapo njia ya shule ya kutwa ni ya hatari au nyumbani hapana mtu, na pale ambapo shule ina walezi wanaodumu na mzazi anayetembelea siku za kutembelewa bila kutuma dereva. Halifai kama njia ya kumhamisha kijana mgumu ili mtu mwingine amnyooshe, na naona hiyo ndiyo sababu halisi katika nusu ya matranka ya stendi. Kutwa inafaa kama kuna mtu mzima anayerudi kabla ya giza. Chini ya hapo sioni tofauti kubwa, na simwelewi mtu anayeiona. Kaka ananiambia kwamba huo ni uamuzi wa mtu anayeogopa kuamua. Huenda.

Safari hii binti aliitwa kikaoni Kibosho, akaketi karibu na bibi yake, akaulizwa. Alisema anataka kutwa mpaka kidato cha nne, bweni kidato cha tano, na hataki kurudishwa na bodaboda. Kaka alitaka iandikwe kwamba matokeo ya kidato cha pili yakiwa mabaya suala litafunguliwa upya, ikaandikwa. Atakwenda kwa miguu, dakika kama 40, pamoja na wasichana wawili wa mtaani kwetu; mke wangu atafunga duka saa kumi na mbili, na tunajua ni mauzo ya kiasi gani tutakayoyakosa kila mwezi. Mimi nimepewa Jumamosi za kupanda naye Kibosho. Mwanangu anarudi Tanga Januari, na alichokiomba ni kwamba Jumapili nisianze na alama. Nimeandika maswali manne yasiyohusu masomo kwenye karatasi, nimeibandika ukutani karibu na mahali ninapochajia simu. Mke wangu ameyasoma, akacheka. Anasema la tatu bado linahusu masomo.